Mfuate mpiga besi: nilivyojifunza kusikiliza jazi

Nyumbani kwetu neno jazz lilikuwa jina la bendi. Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Baba akitaja jazz, alimaanisha magitaa, tarumbeta na watu kucheza dansi mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo nilipoazimwa Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, na kuambiwa kwamba hii ndiyo jazi ya Wamarekani wenyewe, niliisikiliza mara mbili, sikuona pa kuishika, nikaiweka kando. Ilikaa hivyo karibu miaka miwili.

Naandika kwa ajili yako wewe ambaye nawe umeiweka kando.

Nilipoirudia, nilianza vibaya. Nilitafuta orodha za albamu mia moja bora, nikawa nasikiliza kila moja mara moja na kuhamia nyingine. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa najua majina mengi, lakini hakuna hata wimbo mmoja ambao ningeweza kuupiga mluzi. Aliyeniokoa ni rafiki yangu mmoja anayepiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi. Aliniambia, "Ndugu yangu, achana na tarumbeta. Chukua wimbo mmoja, msikilize mpiga besi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hao wengine watakuja wenyewe."

Jaribu hivyo na "So What", wimbo wa kwanza wa Kind of Blue. Usitumie spika ya simu, maana besi haitoki humo. Tafuta hedifoni au redio yenye spika za kueleweka. Mwanzoni kuna piano na besi wakitembea polepole, kama watu wanaopapasa njia gizani. Kisha besi inashika wimbo. Ndiyo, besi ndiyo inayoimba, na wenzake wanaitikia kwa noti mbili tu. Hilo kwetu si geni hata kidogo. Mmoja anatoa, kundi linapokea: tumeyasikia kwenye ngoma na kwenye kasida tangu utotoni. Mimi siku nilipousikia huo mwitikio niliurudisha wimbo mwanzo mara nne.

Ukishaushika, anza kuhesabu. Kila mzunguko una vipande 32 vya mapigo manne manne. Vinane vya kwanza, vinane vinavyorudia, kisha vinane ambamo muziki wote unapanda nusu sauti, yaani hatua moja ndogo tu, halafu vinane vya kurudi chini. Miles anapiga mizunguko miwili, John Coltrane na Cannonball Adderley, wote wa saksafoni, miwili kila mmoja, na Bill Evans kwenye piano mmoja. Ukiweza kukisikia kile kipande kinachopanda kila kinapofika, hutapotea tena, hata Coltrane akimwaga noti kama mvua ya masika.

Huyo mpiga besi ni Paul Chambers. Albamu ilirekodiwa kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Chambers alizaliwa Aprili 22, 1935. Yaani siku ile ya pili alikuwa anatimiza miaka 24. Huwa nalifikiria hilo kila ninaposikiliza "All Blues", ambayo ilirekodiwa siku hiyo: kijana wa miaka 24, siku yake ya kuzaliwa, akiwabeba watu wote wale mgongoni bila kuyumba.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huu: usifuate jina lililoandikwa kubwa kwenye jalada. Geuza jalada, soma majina ya wapigaji, mchague mmoja, umfuate anakokwenda. Kwenye programu za simu majina hayo mara nyingi hayaonekani, kwa hiyo yatafute kwanza kabla hujabonyeza.

Mimi nilimfuata Chambers. Alinipeleka kwenye Blue Train ya Coltrane, ya Septemba 1957, ambamo Lee Morgan anapiga tarumbeta akiwa na miaka 19. Akanipeleka Giant Steps, ya Coltrane pia, ambako kuna wimbo uitwao "Mr. P.C.", herufi hizo ni za Paul Chambers. Akanipeleka kwenye albamu yake mwenyewe, Bass on Top ya 1957, inayoanza na besi ikipigwa kwa upinde. Kama umewahi kukaa karibu na mpiga zeze, utaitambua ile sauti ya uzi unaolalamika. Wapo wasioipenda besi yake ya upinde, wanasema inakwaruza. Mimi naona hapo ndipo anaposema ukweli wake wote. Alifariki Januari 1969 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 33 tu.

Kama unapiga chombo na unataka kufuatisha Kind of Blue, kuna jambo la kuangalia. Siku ya kwanza ya kurekodi, mashine mojawapo ilikuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipanda sauti kidogo. Rafiki yangu yule alihangaika jioni nzima kukaza na kulegeza nyuzi zake akidhani gitaa limeharibika. Matoleo yaliyotengenezwa upya miaka ya 1990 ndiyo yaliyorekebisha. Santuri ya zamani ni nzuri kuwa nayo, ila ya kujifunzia tafuta toleo jipya.

Kuhusu A Love Supreme ya Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 9, 1964: isubiri. Watu wengi huanzia hapo kwa sababu inasifiwa sana, wakachoka njiani. Utakapofika, anza na noti nne za besi ya Jimmy Garrison, halafu sehemu ya mwisho isikilize huku ukisoma shairi la Coltrane lililochapishwa kwenye jalada. Saksafoni inalisoma shairi hilo silabi kwa silabi. Ni sala, na inastahili kusikilizwa ukiwa umetulia.

Sasa rudi Kind of Blue, kwenye "Freddie Freeloader". Hapo tu ndipo anapopiga Wynton Kelly badala ya Bill Evans. Sikiliza wimbo huo baada ya "So What" na utawasikia watu wawili tofauti kabisa: Evans anawaza, Kelly anacheza. Nilimpenda Kelly, nikaanza kumfuata yeye, na nikiwa katika kumsoma nikagundua kuwa alikuwa binamu wa mpiga piano mwingine wa Brooklyn, Randy Weston.

Weston ndiye aliyenirudisha nyumbani. Novemba 1960, mwaka mmoja na wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, alikusanya bendi kubwa New York na kurekodi Uhuru Afrika. Mipangilio ya ala iliandikwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lingestahili kutajwa mara nyingi zaidi. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Na mwanzoni kabisa, katika "Uhuru Kwanza", unaisikia sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akitamka Kiswahili. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964.

Siku nilipoipata nilimwita mama. Alisimama mlangoni na taulo la jikoni mkononi, akauliza huyo anayesema ni mtu wa wapi. Nikamwambia ni wa huku huku kwetu. Akaingia akakaa, na tukaisikiliza yote mpaka "Kucheza Blues" ilipokwisha.

Kwenye ngoma yumo Max Roach, yumo Babatunde Olatunji wa Nigeria, yumo Candido wa Kuba. Gitaa ni la Kenny Burrell, yule yule aliyepiga na Chambers kwenye Bass on Top. Na wapiga besi ni wawili, George Duvivier na Ron Carter. Carter amepiga kwenye rekodi zaidi ya 2,200. Huyo ndiye ninayemfuata sasa.