Kaka wa Kilwa, usiitupe hiyo mashine

Juzi msomaji mmoja wa Kilwa ameniandikia. Ana mashine ya boti, Mariner ya kijivu, farasi 40, mguu wa chini, ule wenye gia na propela, umepasuka kwenye mwamba, na mafundi wanamwambia aiuze chuma chakavu. Kaka, usithubutu. Yangu ni hiyohiyo, na wiki iliyopita imenivusha kutoka Kilindoni hadi Nyamisati na kunirudisha.

Mimi yalinikuta nikitoka Jibondo, maji yanakupwa. Nikasikia chuma kinasagika, kisha mashine inanguruma na boti haiendi. Tulipofungua skrubu ya chini mafuta ya gia yakatoka meupe kama tui, dalili kwamba maji yameingia, na kipande cha jino kikaangukia kiganjani mwangu.

Nikaenda Dar es Salaam. Muuzaji akautazama mguu alionao, akaniambia, "Huu unaingia, bosi." Nikalipa akiba ya kaskazi nzima. Nyumbani matundu ya bolti yote yakakubali, lakini shafti haikufika juu. Ulikuwa wa mashine fupi, ya inchi 15. Yangu ni ya inchi 20. Kuurudisha, akakataa. Hadi leo nikilikumbuka duka lile moyo unaniuma.

Mjomba wangu ndiye aliyenifungua macho. Mariner nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa na Yamaha, zikapakwa kijivu na kubandikwa jina jingine. Mimi nilikuwa natafuta jina, naye akaniambia nitafute chuma. Ndiyo maana hata mwenye Johnson hana sababu ya kuikimbia Evinrude, zote zilikuwa za kampuni moja, OMC.

Basi pimeni, ndugu zangu! Mashine nzima zinaozea ufukweni kwa uvivu wa kupima. Pima urefu wa shafti na mifereji ya kichwa chake, na fimbo ya gia. Kisha hesabu meno ya gia: gia ndogo ikiwa na 13 na kubwa 26, shafti inazunguka mara 2 propela mara 1. Hesabu ikipishana na ya mguu wako wa zamani, hata kama mguu umefunga vizuri, mashine itaelemewa au itakimbia kupita kiasi. Kwenye vipuri vya Yamaha soma pia tarakimu 3 za mwanzo za namba ya kipuri, zinakuambia kilibuniwa kwa mashine gani kwanza. Zikitofautiana usikate tamaa, kipuri kimoja huingia mashine kadhaa. Wewe pima tu.

Nilizunguka miezi na kamba yenye mafundo ya vipimo vyangu mpaka nikaupata mguu wa Yamaha kuukuu, wala si kwa bei ya kutisha. Nikabadilisha sili zote zinazozuia maji, na impela inayosukuma maji ya kupoza mashine, kabla ya kuufunga.

Baada ya safari ya kwanza nikalegeza skrubu ya chini, kikombe mkononi. Mafuta yakatoka safi, hayana weupe hata chembe. Nikamwita mke wangu aje aone.