Usimtengenezee kila mteja programu yake

Juzi kijana mmoja aliniandikia. Ana programu ya hesabu za duka, ana wateja wanne, na kila mmoja anataka yake. Afanyeje? Mdogo wangu, somo hilo mimi nimelilipia ada.

Michael Shrayer alikuwa mtu wa kamera za filamu huko Marekani. Alipohamia California alipata kompyuta ya Altair 8800, akaandika programu ya kuwasaidia waandika programu wenzake. Ilipofika zamu ya kuandika maelekezo, akachoka kugonga taipureta ilhali kompyuta ipo hapo hapo mezani. Mwaka 1976 akatoa Electric Pencil, programu ya kwanza ya uandishi kwa kompyuta za nyumbani. Neno lisipoenea mwishoni mwa mstari, lilishuka chini lenyewe. Aliyewahi kusikiliza kengele ya taipureta ikimwonya kuwa mstari unaisha anajua raha ya jambo hilo.

Watu waliipenda mno. Kompyuta ya TRS-80 ilitoka kiwandani na herufi kubwa tu, basi wenyewe wakaifungua na kuchomelea chipu ya ziada ya kumbukumbu, wapate herufi ndogo za kuandikia.

Lakini kila kompyuta na kila printa ilidai toleo lake. Shrayer akaandika matoleo 78. Sabini na nane, peke yake! Akachoka, akaiacha. Soko likachukuliwa na WordStar, programu nyingine ya uandishi, ya Seymour Rubinstein na Rob Barnaby, ambayo mnunuzi aliichagulia skrini na printa yake mwenyewe wakati wa kuisakinisha.

Mimi nilifika matoleo sita, ya maduka ya dawa. Siku moja nikarekebisha kosa la kujumlisha kwenye matano, la sita nikalisahau. Mwisho wa mwezi mwenye duka akaniita mwizi mbele ya wauzaji wake. Sikuchukua hata shilingi, na hadi leo naumia.

Kwa hiyo baki na programu moja. Yanayotofautiana yaingize kwenye mipangilio, mteja achague mwenyewe. Anayetaka ya peke yake mkatalie, hata akiwa na pesa mkononi, hata kodi ya nyumba ikiwa imefika. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Leo usiku anza na risiti, maana hapo ndipo wote wanne watakapokuvuta kwanza.