Hana nyumba ndogo, ana wagonjwa Sydney

"Shangazi, mume wangu ni daktari wa saratani, tunaishi Boston. Aliacha hospitali akaenda kampuni ya dawa. Sasa saa tatu usiku anajifungia na simu, kila Juni yuko Chicago, na nikimuuliza dawa yao imefikia wapi hasemi. Hata kaka yangu anayetaka kununua hisa alinyimwa neno. Nahisi ana mtu." – Mpweke

Pole mwanangu, ugenini kuna upweke. Ila mumeo namtetea.

Saa tatu usiku Boston, kiangazi hiki, Sydney ni saa tano asubuhi ya kesho yake. Kampuni nyingi hufanyia majaribio ya awamu ya kwanza, yale ya kupima usalama na dozi ya dawa mpya kwa watu wachache, Australia kwa sababu vibali hutoka upesi. Kwa utaratibu uliozoeleka, wagonjwa watatu hupewa dozi ndogo, wakaangaliwa siku 21 au 28. Wakiwa salama, watatu wengine wanapandishiwa dozi. Akipata madhara makali mmoja, wanaongezwa watatu kwa dozi ileile. Wakiwa wawili, hapandishiwi mtu tena. Kabla ya kila hatua madaktari wa vituo vyote hukubaliana kwa simu. Ini la mgonjwa likianza kufeli, ni dawa, au ni saratani imefika huko? Ukikosea unaua mtu, au unaitupa dawa ambayo ingeponya. Na akifa mtu kifo kisichotarajiwa, dawa ikashukiwa, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lazima waarifiwe ndani ya siku 7. Siku hizo zinahesabiwa na Jumapili humo humo.

Chicago nako ni mkutano wa ASCO, madaktari wa saratani wa dunia nzima wanakutana. Mwenye mchepuko angalau angebadilisha mji.

Sasa tuje kwa kaka yako. Barua nimeifupisha, lakini yeye umemwandikia mistari mingi kuliko mumeo. Mumeo akitoboa matokeo kabla hayajatangazwa, shemeji akanunua hisa, Marekani hilo ni kosa la jinai, kwa aliyesema na aliyenunua; kifungo chaweza kufika miaka 20. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na lile uliloandika la harusini, kwamba siku hizi watu wanasema mumeo "anauza dawa", ndilo linalokuchoma. Ulizoea kuitwa mke wa daktari. Ndoa za sasa zina ugonjwa huo: mtu anaolewa na cheo, cheo kikihama anadai ameachwa.

Kosa lake lipo. Mikutano ya dozi hupangwa mapema, basi akupe ratiba. Dharura hazipangwi, lakini daktari mwenzake anaweza kuzipokea kwa zamu. Mdai jioni mbili kwa wiki ambazo simu iko kwa mwenzake, na chakula mle pamoja.

Kaka yako mwambie akanunue kiwanja.