Sukari Imekwisha, Lakini Si Hiyo

Mara ya kwanza kupewa zamu ya kuhubiri Ijumaa Kuu, nilishika neno moja tu, "Imekwisha" ya Yohana 19:30, nikalipigia kelele weee! Watu walipokuwa wakitoka, bibi mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, mbona umemfanya Bwana kama mtu aliyeishiwa?"

Nilicheka, ila usiku yalinirudia. Kwetu sukari imekwisha, hela zimekwisha, hata mtu husemwa amekwisha.

Kigiriki chake ni tetelestai, kutoka kitenzi teleo, ndugu wa telos, mwisho ulio lengo. Ni kukifikisha kitu pale kilipokusudiwa. Katika Luka 12:50 Biblia ya Union imekitafsiri kitenzi hichohicho "utimizwe". Naye Paulo, 2 Timotheo 4:7, anasema teteleka: mwendo nimeumaliza. Huyo hakuishiwa pumzi njiani, amefika.

Sasa umbo lake, na hapa Mswahili amebahatika. Teleo, natimiza. Etelesa, nilitimiza. Teteleka, nimetimiza. Tetelestai, imetimizwa. Hiyo te- ya mwanzo, silabi iliyorudiwa, sikia ndani yake -me- yetu. Ukisema "mtoto amelala" husimulii habari za jana. Unanionya nisipige kelele sasa hivi. Tendo limepita, hali ipo. Kwa hiyo usihangaike kukariri majedwali kabla ya kuuliza: hapa mama yangu angesema -li- au -me-? Shina "isha" ndilo linalotuponza. Kiambishi hakina kosa.

Jihadhari pia na ile hadithi ya stakabadhi. Ni kweli teleo huweza kuwa kulipa. Mathayo 17:24 na Warumi 13:6 zinazungumzia kodi. Basi husemwa kwamba tetelestai iliandikwa kwenye hati za madeni yaliyolipwa. Mimi mwenyewe nilihubiri hivyo, risiti ya duka nimeinua juu! Kumbe mafunjo yanayotajwa, yaani karatasi za kale, ni ya ushuru wa forodha huko Misri, yana kifupisho tetel, na wasomaji wa mafunjo hukisoma tetelonetai, cha kitenzi kingine, teloneo, kutoza ushuru. Iache.

Siku hizi naanzia mstari wa 28, ambako tetelestai imetangulia kutokea ("yote yamekwisha kumalizika"), na nikifika wa 30 naongeza, "yaani, imetimia." Bibi bado hukaa safu ya pili. Mwaka huu alitikisa kichwa kidogo, sijui ni kukubali au usingizi.