Boi, Leta Maji

Mpwa wangu,

Sauti yako ya dakika sita nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya basi natoka kazini, mara ya pili jikoni, mkaza mjombako akiwa karibu. Yeye alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka.

Kwa hivyo kuna bwana amerudi kutoka London, amekaa pale barazani Kibokoni baada ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi, akawaambia vijana kuwa sisi watu wa Mji wa Kale wa Mombasa tukifika Uingereza hatuhesabiwi pamoja na Waafrika. Kwamba majina yetu na hii rangi yetu ya maji ya kunde hutupeleka maofisini, na wenzetu wa bara ndio wanaobaki kuosha wazee. Halafu wewe, uliyepasi kidato cha nne kunishinda mimi, waniuliza: "Mjomba, kwenye fomu nijiandike Mwarabu au Mwafrika? Ipi ina faida?"

Muulize huyo bwana alikuwa akiingia kazini saa ngapi. Usimuulize mbele ya watu, si adabu. Mvute kando mkitoka msikitini. Akikwambia saa mbili usiku, umeshajibiwa.

La yule ajenti wa viza uliyemtaja nilimalize haraka kwa sababu lina pesa za mamako ndani yake. Viza niliyokuja nayo mimi, ya kulea wazee, walezi walifunguliwa mlango wake Februari 2022. Machi 2024 walezi wapya wakakatazwa kuja na mke, mume au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Huyo wa Mwembe Tayari anayetaka laki nane akutafutie cheti cha udhamini anakuuzia tiketi ya jahazi lililokwisha ng'oa nanga. Cheti hutoka kwa mwajiri, hakitoki mkobani mwa mtu. Usimpe hata ya soda. Na mamako asiziguse bangili.

Sasa fomu. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa karatasi ya kabila na rangi. Visanduku vimejipanga: Mweupe hivi, Mweupe vile, Mchanganyiko wa namna tatu nne, Mhindi, Mpakistani, Mweusi wa Afrika, Mweusi wa Karibi, na Mwarabu, ambaye katika sensa ya huku aliongezwa mwaka 2011 tu. Nikaishika kalamu kama mwanafunzi asiyesoma. Mwisho nikaweka alama kwenye "Mwengine", nikaandika kwa herufi kubwa: MSWAHILI. Meneja akanifuata kesho yake, mpole kabisa, akauliza: "Hii ni nchi au ni lugha?"

Nikamkumbuka karani wa kitambulisho kule kwetu. Unakumbuka nilivyozungushwa? Cheti cha kuzaliwa cha baba, cha babu, mzee wa mtaa aje athibitishe, halafu wanaume watatu nyuma ya meza waniulize eti mimi Mwarabu wa wapi. Nimezaliwa hatua mia mbili kutoka Ngomeni! Kule nilikuwa Mwarabu mno, huku nikawa sieleweki ni lugha au ni mtu. Lakini wewe hukuniuliza hayo, umeniuliza faida. Haipo. Ile karatasi hutengwa kando, ni ya hesabu, haimpi mtu kazi wala haimnyimi. Anayekunyima kazi hasomi kisanduku, anakusoma uso.

Hapo ndipo ningeishia, ningekuwa nimekujibu. Lakini sauti yako imenigusa mahali panaponiuma na nataka nikwambie, maana sijamwambia mtu ila mke wangu.

Huu mji niliopo, Leicester, umejaa Wahindi waliotoka kwetu. Wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, na wa Kenya waliowatangulia. Baraza la mji lilifika hadi kulipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije huku. Wakaja. Leo ukenda Belgrave Road utauziwa "mogo", na mogo ni mihogo yetu ileile ya pilipili na ndimu, kama ya pale Lighthouse, ufukweni Mombasa, ila hii huletwa kwa sahani na uma, kwa bei ya kukukumbusha wafu wako.

Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi, chumba cha mwisho ukumbini yumo mzee mmoja. Jina simtaji, ni marufuku. Amezaliwa Mombasa. Aliondoka mwanzo wa 1968, Waingereza walipokuwa wakipitisha sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza. Sheria ile ilipita bungeni kwa siku tatu. Yeye aliwahi, nduguye hakuwahi. Sasa ana ugonjwa wa kusahau, na usahaulifu wake unamrudisha nyuma: Kiingereza kimekwenda kwanza, Kigujarati kinakuja na kuondoka. Usiku kuna maneno mengine aliyokuwa akiyapiga kelele, wafanyakazi wakidhani anaweweseka. Dada mmoja Mgujarati akawaambia hiyo si lugha yao.

Usiku wangu wa tatu napita ukumbini, nasikia: "Boi! Boi! Leta maji!"

Mpwa wangu, nilisimama kama niliyeitwa na babangu. Miezi miwili sijasikia Kiswahili nje ya nyumba. Nilikimbia. Nikajaza gilasi, maji yakinimwagikia viatuni, nikaingia, nikasema, "Haya mzee, maji haya hapa." Akanywa. Akarudisha gilasi bila kunitazama, akasema, "Sasa ondoka." Nilipokuwa mlangoni ndipo akili ikanijia, nikajua nimeitwa nini: boi, mtumishi wa ndani.

Kiswahili chake ni kile cha jikoni na dukani. Leta. Ondoa. Funga mlango. Ngoja hapo. Pesa hapana. Amekaa Mombasa miaka zaidi ya ishirini, na ukiondoa hiyo "pesa hapana" hana kitenzi kisicho amri. Na mimi ndiye ninayemuosha. Nitalisema hivyo hivyo lilivyo: namvua nepi, nampangusa, namgeuza ubavu wa pili, nampaka mafuta yasimtoke madonda, namnyanyua kwa winchi kumweka kwenye kiti, naye wakati wote ananiita boi. Babangu mzazi nilimuosha mara moja tu, siku ya kumkafini, na watu wakaniombea dua kwa hilo. Hii hakuna anayeniombea. Hulipwa kwa saa.

Usiku mmoja kiburi kilinipanda. Nikamwambia kwa Kiswahili safi: "Mzee, mimi si boi. Mimi mtoto wa Mji wa Kale. Babangu alikuwa karani bandarini."

Akanitazama, siku hiyo alinitazama hasa, akasema: "Wote sema hivyo."

Nilicheka peke yangu pale kwenye chumba cha nguo chafu. Halafu sikucheka tena, maana nilimkumbuka yule mtu wa maji. Wewe ulikuwa mdogo. Yule wa mkokoteni, aliyekuwa akipandisha madumu ya lita ishirini ghorofa mbili mifereji ikikauka, kila siku ya Mungu, miaka na miaka. Nyanyako akimwita "Mnyika". Si kwa ubaya, tukisema. Ndilo neno tulilokulia nalo. Kikombe chake kilikuwa mbali, kile cha bati chini ya ngazi. Siku moja alituambia babake ni mzee wa kaya, ule msitu mtakatifu wa Wamijikenda, kwao Rabai, na sisi watoto tukaigiza anavyosema mpaka usiku. Hizo kaya UNESCO iliziandika urithi wa dunia mwaka 2008. Sisi tukiita mwituni.

Jina lake silijui. Nimejaribu kulikumbuka usiku mzima wa zamu.

Ndiyo maana ulipouliza ipi ina faida, nilikasirika kuliko ilivyostahili. Nisamehe. Ni maneno yetu wenyewe, ya nyumbani kwetu, umeyarudia tu. Oktoba huku shule hufundisha historia ya watu weusi, mwezi mzima, jambo walilolianza 1987. Binti yangu akaambiwa apeleke kitu cha kwao. Akapeleka leso ya mamake ya kujifunga, akasimama mbele ya darasa akasema sisi ni weusi kutoka Mombasa, akapigiwa makofi. Jioni akamsimulia nyanyako kwa simu. Nyanyako akaniita mimi: "Mwambie mtoto sisi si weusi. Sisi maji ya kunde." Mtoto akauliza kunde ni nini. Nikashusha kopo kabatini nimuonyeshe. Akalisoma, maana kwa Kiingereza kunde hizo huitwa za jicho jeusi, akanirudishia: "Baba, hata hizi zimeandikwa nyeusi." Sikuwa na jawabu. Nikazipika.

Kuna mama mmoja kazini, wazazi wake watu wa Jamaica, walikuja baada ya Windrush, ile meli ya watu wa Karibi iliyotia nanga Tilbury Juni 1948, kufungua njia. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mtu bila kujivunja mgongo, na ndiye aliyenishika mkono nikajiunga na chama cha wafanyakazi. Mara ya kwanza aliniuliza natoka wapi hasa. Nikamweleza: Mombasa, lakini si Mombasa tu, Mji wa Kale, na babu wa upande wa pili alitoka Lamu, na wa nyuma yake Hadhramaut, na nyanya mzaa mama ana damu ya Barawa, na mwambao ule hadi 1963 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar... Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kainamisha kwa heshima. Kisha akasema: "Sawa. Chumba cha saba kinanuka. Twende."

Sasa waweza kunielewa nikikwambia usije. Hapa si pabaya. Mimi mwenyewe siondoki, na nikisema naondoka msiniamini. Watoto wana shule, mke wangu ana kazi, na daktari akikutibu humlipi mkononi. Lakini wewe unataka kuja kwa sababu umeambiwa utakuwa mtu mwengine. Utakuwa, ila si yule unayemdhania.

Na ukija, basi njoo kusoma. Karo itafuteni mapema, msije mkanipigia mimi wiki ya mwisho. (Nitatuma, mwajua nitatuma, lakini msinipigie wiki ya mwisho.) Mwanafunzi wa digrii huruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, usimsikilize anayekwambia fanya 40 hakuna anayehesabu. Wanahesabu. Jaketi usinunue mitumba ya Kongowea, litakuwa jembamba. Hapana, nunua Kongowea. Majaketi yale yalitoka hukuhuku na utalipata kwa robo ya bei. Chagua zito. Usikae na watu wa Mombasa peke yao, mtakula biriani kila Jumapili na Kiingereza chako kitaoza. Lakini Ramadhani usikae peke yako hata siku moja. Nilikaa peke yangu ya kwanza, futari yangu ilikuwa mkate wa kukatakata na tende, nikasimama dirishani kama mfungwa.

Ukipewa ile fomu, jaza utakacho. Mimi sasa najaza Mweusi wa Afrika na sigandi tena na kalamu. Nyanyako msimwambie. Au mwambieni, mimi nitampigia mwenyewe.

Mambo mawili nakuomba. Pita pale kwenye kisima cha karibu na msikiti, uliza wale wa mikokoteni kama yupo anayemkumbuka yule mzee wa Rabai, na jina lake nani. Usiseme ni mimi ninayeuliza.

La pili, nasikia binti wa jirani anakuja Septemba. Mzee wangu wa chumba cha mwisho siku hizi ana neno jipya. Hasemi "leta maji" sana. Anasema, "Boi, buyu wapi?" na anatoa ulimi kuona kama umekuwa mwekundu. Basi mpe huyo binti unga wa ubuyu, nusu kilo, na ule wekundu na sukari vyake kando. Mabuyu yenyewe usitume, atakabwa na mbegu, na fomu ya mzee aliyekabwa ina kurasa nne na mimi ndiye nitakayeijaza.

Mjombako