Miaka minne na nusu, nimhamishie kwenye busta?

Swali: Habari mtaalamu. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu na kilo 17, bado anakaa kwenye siti yake ya mtoto ya kwenye gari, ile ya mkanda wa pointi tano, unaomfunga mabegani, nyongani na katikati ya miguu. Sasa kila siku vita, anasema ya kitoto, anataka busta, kile kiti cha kumuinua kwenye siti ya gari, kama dada yake wa miaka saba. Baba yake anasema umri umeshafika. Nimhamishe?

Jibu: Salama mama. Mi ningesema bado kidogo, na sio kwa sababu ya umri, umri ndo kitu cha mwisho naangalia.

Kwanza geuza hiyo siti yake usome lebo. Zingine mkanda wa pointi tano unaishia kilo 18, zingine zinaenda 25 na zaidi. Kama hajafika kikomo na mabega yake hayajapita tundu la juu kabisa la mikanda, siti bado inamtosha na ndo inamlinda vizuri kuliko busta. Najua dogo hatokuelewa hapo.

Maana busta yenyewe haina maajabu, kazi yake ni kumuinua tu ili mkanda wa mtu mzima umkae panapotakiwa, yaani wa chini ulale juu ya mapaja ushike mifupa ya nyonga, wa juu upite katikati ya bega na kifua, usiguse shingo. Kinachomshika ni mkanda wa gari, na mkanda wa gari unategemea mtoto atulie. Sasa mtoto wa umri huo akichoka anateleza mbele, anainama kuokota kitu, au mkanda ukimkera anaupitisha chini ya kwapa. Hapo wa chini unapanda tumboni, na gari likigonga unabana utumbo badala ya mfupa, majeraha yake mabaya sana, mpaka uti wa mgongo unaweza kuumia.

Kwa hiyo mfanyie mtihani. Gari likiwa limepaki, mkalishe kwenye busta ya dada yake, mfunge, afu we kaa pembeni hata nusu saa, mwache acheze, usimkumbushe kitu. Hesabu mara ngapi umetamani kumwambia kaa vizuri. Ikizidi moja au mbili, mrudishe kwenye siti yake. Na je, huwa anasinzia njiani? Akilala anapinda pembeni kama nguo iliyoanguka kwenye hanga, bega linatoka kabisa kwenye mkanda. Kama ndo zake, hata ukimhamisha baadaye chukua busta yenye mgongo na mbavu za pembeni, ile ya kukalia tu iache mpaka akue. Busta nazo zina lebo, nyingi zinaanzia kilo 15 au 18.

Ah na siti ya katikati nyuma, kama ina mkanda wa kiunoni peke yake, busta usiiweke hapo kabisa, lazima mkanda wenye sehemu ya bega.

Huyo dada mtu naye usije ukamtoa kwenye busta eti ana miaka saba, wengi wanahitaji mpaka wafike kama sentimita 145 hivi. Mpime kwa kumkalisha bila busta, mgongo ugote kabisa nyuma, magoti yakunjike ukingoni mwa siti. Miguu ikibaki imenyooka mbele, bado.