Gari la familia Nyanda za Juu: kabla ya kuuliza cc, uliza linashukaje

Mtu akitafuta gari Mbeya au Iringa, swali la kwanza huwa ni "linapanda?" Ni swali la haki, milima tunaishi nayo. Ila gari linalopanda kwa shida mara nyingi litakuchelewesha tu. Hatari iko kwenye kushuka, na huko ndiko wanunuzi wengi hawaangalii kabisa.

Chukua safari ya Mbeya kwenda Kyela. Ukimaliza mpando wa baada ya Uyole, unaporomoka kupitia Kiwira na Tukuyu mpaka karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Gari dogo lenye watu watano na mizigo lina uzito wa kilo 1,400 hivi. Kulishusha mita 1,000 kunatoa joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Joto hilo sehemu yake huondoka na upepo, sehemu humezwa na injini kama umeweka gia ndogo, na lote linalobaki linaishia kwenye pedi na diski za breki. Ukishuka na D (gia ya kawaida ya automatiki) mguu ukiwa juu ya breki muda wote, pedi zinapata moto, zinateleza kwenye diski, na harufu kama ya kitambaa kilichoungua inaingia ndani.

Kuna la pili lisiloonekana. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishaingiwa na maji asilimia 3 au 4 yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama sponji, na pedali inazama hadi chini huku gari likiendelea kwenda. Ndiyo "kufeli breki" kunakosimuliwa baada ya ajali, na mara nyingi gari hilo pedi zake bado zilikuwa nzima. Mafuta haya yabadilishwe kila miaka miwili. Kwa gari la mkononi usiulize yalibadilishwa lini. Badilisha wiki hiyohiyo uliyonunua. Kama maandishi kwenye mfuniko wa chombo cha mafuta ya breki yanaruhusu, weka DOT 4, inastahimili joto zaidi.

Breki unaweza kuzipima papo hapo. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu, endelea kuikanyaga, halafu washa gari. Pedali inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka, kuna hitilafu kwenye buusta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki. Kisha ikanyage kwa nguvu ya kawaida kwa nusu dakika bila kuachia. Ikizama polepole, silinda kuu inavujisha kwa ndani, hata kama chini ya gari hakuna tone.

Angalia pia gia ya kushukia. Kwenye gia boksi ya kawaida ya automatiki utaona 2 na L. Kwenye magari mengine ni S au B. Jaribu kwenye mteremko: weka 2, toa mguu kwenye mafuta, injini inatakiwa ipige kelele na gari lizuiliwe. Gari lisilozuilika na injini halifai mteremko wa Kitonga, hata liwe zuri vipi mjini.

Sasa nguvu. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyembamba. Mjini Mbeya, kwenye mita 1,700, tayari umeacha kama asilimia 16. Toyota IST ya cc 1,500 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 109 inabaki na 91 au 92. Ile ya cc 1,300 inabaki na 73 tu. Kwa watu wanne hiyo ya 1,500 inatosha. Ya 1,300 ikijaa watu itakufanya ukae nyuma ya semitrela kuanzia Inyala, kisha ujaribu kuipita mahali pasipofaa. Hapo nguvu inageuka kuwa suala la usalama. Kwa Noah au Wish yenye abiria kamili, cc 2,000 ni saizi yake. Zaidi ya hapo, kwa familia ya kawaida, unalipia mafuta na ushuru bila faida ya maana.

Maji ya rejeta nayo: kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mpira wa mfuniko ukichakaa, gari linachemsha mlimani, na watu wanabadilisha rejeta nzima bure. Tumia kolanti. Maji ya bomba yanakula chuma, na asubuhi za Juni na Julai kule Kitulo yanaweza kuganda.

Ndani ya gari, geuza swichi bila kuwasha injini uangalie dashibodi. Taa ya SRS (mifuko ya hewa), ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukifunga breki) na ile ya gari linaloteleza zote ziwake, kisha zizime: ya SRS baada ya sekunde chache, nyingine kabla au mara baada ya kuwasha injini. Taa ya SRS isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda imeng'olewa kuficha kuwa mifuko ya hewa ilishafyatuka. Uliza pia kama mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, ilibadilishwa. Corolla na RAV4 za miaka ya 2000 zimo kwenye orodha ya kurudishwa, na hujulikana kwa namba ya chesi. Vuta kila mkanda wa nyuma mpaka mwisho, uachie urudi, kisha uuvute kwa ghafla uone kama unajifunga. Mara nyingi mkanda wa kati ni wa kiunoni tu au umezama chini ya kiti, na hapo ndipo mtoto huwekwa. Kiti cha mtoto kifungwe upande wenye mkanda wa pointi tatu.

Usidharau AC kwa sababu huku ni baridi. Kwenye mvua na ukungu wa Rungwe, watu sita wakipumua ndani, vioo vinafunga kwa dakika mbili. AC ikielekezwa kwenye kioo pamoja na hewa ya moto inakausha mara moja. Gari lenye AC mbovu linakulazimisha kufuta kioo kwa kiganja huku unaendesha.

Kuhusu nafasi, hesabu kilo. Tairi lina namba ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba: 84 ni kilo 500, 91 ni 615. Watu wanane wa kilo 65 ni 520 kabla ya gunia la viazi, na safu ya tatu ya siti ikitumika, buti hubaki kama rafu. Kuinua gari kwa spesa (vipande vinavyowekwa kwenye springi) ili lipite barabara za vumbi kunalifanya liyumbe kwenye kona na kunakula shafti za mbele. Ukihitaji kuingia Makete au Ludewa wakati wa mvua mara kwa mara, nunua gari lililotengenezwa juu tangu mwanzo, lenye 4WD, na tairi zote nne ziwe za saizi na uchakavu mmoja. Zikitofautiana, mfumo wa kugawa nguvu kwa magurudumu unaweza kuungua. Na 4WD haifupishi umbali wa kusimama hata kidogo.

Siku ya majaribio usiende peke yako. Jaza watu wazima watano, panda mlima mrefu ulio karibu, ushuke, kisha usimame na kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kupita mwenzake wa upande wa pili, breki ya hapo imeng'ang'ania, na bei ishuke kabla hujatoa hata shilingi.